Maili Mbili za Maryland

Kila asubuhi, kabla hajaonja kahawa, Dorsey Hovermale alivaa kwa utaratibu uleule. Kwanza suruali, halafu mkanda, halafu kanda za mabegani, kwa sababu mkanda peke yake ulishaanza kushindwa na tumbo. Mwisho bastola. Ilikaa kiunoni upande wa kulia, ndani ya mfuko wa ngozi, na juu yake likateremshwa shati pana ili mtu asiione. Kusudi zima lilikuwa mtu asiione. Hata hivyo, hapakuwa na mtu mjini Berkeley Springs asiyejua kwamba Dorsey anabeba bastola, maana alikuwa amewaeleza wote, mmoja mmoja, na wengine mara mbili.

Mkewe, Verna, alikuwa jikoni akikoroga mchuzi mzito wa soseji wa kumwagia mikate midogo ya moto. Alisikia ngozi ikilia kwenye korido, akajua mumewe anakuja. Dorsey aliketi, akaichomoa bastola, akaitoa risasi, akailaza mezani na kuanza kuifuta kwa kitambaa cha njano, kama afanyavyo siku zote. Verna akasogeza sahani ya siagi ili isinukie mafuta ya bunduki. Miaka kumi na moja sasa alikuwa akiisogeza siagi. Hakuwahi kusema neno juu yake.

Alikuwa ameishika bado ile sahani simu ilipolia.

Alikuwa Kendra, binti yao wa pekee, anayeishi ng'ambo, Pennsylvania. Chupa ya uzazi imepasuka, wiki tatu kabla ya wakati. Mumewe, Wade, ni dereva wa lori refu, na asubuhi hiyo alikuwa Nebraska na shehena ya majokofu. Hata angepaa asingefika kabla ya kesho. Jirani amemwacha hospitalini akaenda zake kazini. Kendra aliyasema haya yote taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, kisha sauti ikamkatika.

"Mama, niko peke yangu. Usichelewe kama mara ile."

Mara ile ilikuwa mwaka juzi, mimba ya kwanza, ile iliyoharibika. Verna alifika dakika kumi baada ya kila kitu kwisha. Dakika ishirini walikuwa wamezipoteza mpakani, kando ya barabara, wakiutafuta ufunguo mdogo wa sanduku la bastola, ambao hatimaye ulionekana ndani ya kiatu cha Dorsey.

Verna alizima jiko. Mchuzi ukaachwa vilevile na mwiko ndani.

*

Kutoka mlangoni kwao hadi hospitali ile ni mwendo wa saa moja, nao ungekuwa mwendo wa kawaida kabisa kama si Maryland. Jimbo lao, West Virginia, linamruhusu mtu kubeba bastola kiunoni. Pennsylvania inakitambua kibali cha Dorsey, kile kikadi chenye picha yake akiwa amekunja uso. Lakini katikati ya majimbo haya mawili Maryland imejipenyeza kama ulimi, na Maryland haikitambui kibali cha Dorsey wala uso wake. Pale wanapovukia, ulimi huo ni mwembamba sana, haufiki hata maili mbili. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuivuka Maryland nzima kabla mayai yake hayajapoa mezani.

Dorsey alikuwa na ramani ya nchi nzima aliyoifunika kwa plastiki. Majimbo mazuri aliyapaka kijani, mabaya nyekundu. Kila mwaka aliipaka upya kadiri sheria zilivyobadilika, na Verna alikuwa amewahi kumkuta usiku wa sikukuu akiwa amepiga magoti sakafuni na kalamu ya rangi, akiomboleza kupotea kwa jimbo ambalo hajawahi kulikanyaga.

"Taa ya mafuta imewaka," Verna alisema walipoingia garini. "Pitia hapo mjini."

Dorsey alitazama saa. Kujaza mafuta kunataka dakika tano au sita. Kufungasha bastola kabla ya daraja la mpakani kunataka dakika tisa. Muda wa mambo yote mawili hakuwa nao. Akachagua.

"Tutajaza Pennsylvania," alisema. "Kuna kituo palepale ukishavuka."

Verna alitaka kumwambia kwamba kuna jambo la tatu linalowezekana, nalo ni kuiacha bastola kwenye droo. Tena hospitali yenyewe ina kibao mlangoni kinachokataza silaha, kwa hiyo mwisho wa safari yote hii bastola ingelala ndani ya gari, kwenye maegesho, kama ilivyolala mara ile, na Dorsey ameketi kando yake akiilinda isiibiwe. Alitaka kuyasema hayo. Badala yake akafunga mkanda wa kiti.

Kabla ya daraja kuna uwanja wa kokoto, mbele ya kibanda cha kuuzia matofaa kilichofungwa siku nyingi. Dorsey aliegesha, akashuka, akafungua buti. Verna hakuhitaji kugeuka. Aliyajua yote kwa masikio. Magazini ya risasi inatoka. Bastola inavutwa nyuma, inachunguliwa tunduni. Inachunguliwa tena. Risasi zinahesabiwa kwa sauti, moja hadi kumi, kama watoto wa shule ya Jumapili, zinaingia kwenye mkebe wa biskuti wenye kufuli, na mkebe unawekwa pembe ya kushoto. Bastola inaingia kwenye sanduku la chuma, sanduku linawekwa pembe ya kulia chini ya blanketi, ili bastola na risasi zisionane hata kwa bahati mbaya.

"Ufunguo," Dorsey aliita.

Verna alishuka. Tangu mara ile ufunguo ulikuwa ukikaa kwake, shingoni, umefungwa kwa utepe mwekundu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ya Hovermale: mtu asiyeipenda bastola ndiye aliyekuwa mlinzi wa ufunguo wake. Aliinama, akafunga sanduku, akaurudisha ufunguo ndani ya blauzi. Mkulima mmoja akapita na trekta, akawapungia mkono bila kushangaa. Watu wa pale wameshazoea kumwona mtu na mkewe wameinamia buti kabla ya daraja.

Dakika tisa kamili. Simu ikatetemeka. Muuguzi aliandika kwamba Kendra anaendelea haraka.

*

Walivuka mto Potomac na kuingia Hancock. Dorsey aliendesha mikono miwili kwenye usukani, macho mbele, mwendo uleule ulioandikwa kwenye kibao, si zaidi wala pungufu. Hakutazama kulia wala kushoto. Katika mji ule kuna duka la mikate analolipenda, na binamu yake wa upande wa mama anaishi mtaa wa pili, lakini akiwa na sanduku kwenye buti Dorsey alipita kama mtu anayepita msibani kwa watu asiowajua.

Kituo cha kwanza cha mafuta kikatokea.

"Dorsey, mafuta."

"Hapa hatusimami."

Kikatokea cha pili, kikiwa kitupu, pampu zote zinawangoja.

"Ni dakika tatu tu," Verna alisema. "Sishuki hata kwenda chooni."

Dorsey akaanza kueleza, kwa ile sauti yake ya subira. Sheria ya nchi nzima inamlinda mtu anayepita. Haimlindi mtu anayekaa. Ukisimama, umeshakaa. Ukishakaa, wewe si msafiri tena, wewe ni mtu aliyeko Maryland na bastola, na hapo watakufunga pingu ukiwa umeshika bomba la mafuta. Kuna jamaa, binamu wa Lester, yule Lester anayekunywa naye kahawa kwenye kituo cha zimamoto, alisimama kujisaidia tu, na hadi leo hajarudishiwa bunduki yake.

Verna alikuwa ameisikia habari ya huyo binamu wa Lester miaka mingi. Wakati mwingine alisimama kujisaidia, wakati mwingine kununua aiskrimu. Hakuna mtu aliyewahi kuonana naye.

Kituo cha tatu kikapita. Barabara ikaanza kupanda kilima, na gari likakohoa mara moja, likakohoa tena, likanyamaza. Dorsey alilisukumia kando kwa mwendo uliobaki. Mbele yao, juu kabisa ya kilima, kile kibao cha kuwakaribisha Pennsylvania kilionekana vizuri, hata maandishi yake yalisomeka.



Kisha Dorsey alishuka, akazunguka nyuma, akaweka mabega yake ya miaka sitini na minne kwenye buti, akamwambia Verna atoe breki. Verna alitoa. Gari lilifikiri kidogo, halafu likaanza kurudi Hancock, na Dorsey nyuma yake akirudi nalo kinyumenyume, viatu vikichora kokoto. Verna akavuta breki.

"Maryland haitaki kutuachia," Dorsey alisema akihema.

Verna hakucheka. Alikuwa ameshika simu, anamsikiliza Kendra akipumua upande wa pili. Muuguzi alichukua simu akasema njia imefunguka sentimita saba, akauliza wako wapi. Verna akasema wako njiani. Aliona aibu kumwambia mtu aliyesoma kwamba wamekwama kwa ajili ya bastola iliyofungwa.

*

Gari la askari wa jimbo lilikuja nyuma yao taratibu, taa zikizunguka bila king'ora. Aliyeshuka alikuwa msichana, labda miaka ishirini na sita, jina lake Pryor limeandikwa kifuani. Alikuwa bado anatafuna kitu.

Kabla hajawafikia, Dorsey alikuwa ameshaweka viganja vyote viwili juu ya paa la gari na kutanua miguu.

"Habari za asubuhi," askari alisema. "Gari limewafanyaje?"

"Afisa, nakuarifu kwa hiari yangu kwamba nina silaha moja. Haina risasi, imefungwa, iko ndani ya buti. Risasi ziko mbali nayo. Natoka mahali ninaporuhusiwa, naenda mahali ninaporuhusiwa, napita tu, bila kusimama."

Askari alilitazama gari, akatazama nyasi zilizolizunguka.

"Lakini mmesimama, mzee."

"Hatukusimama. Limezimika."

"Limezimika kwa nini?"

Dorsey alikuwa na jalada zima la sheria chini ya kiti, kurasa sitini, na katika kurasa zote sitini hapakuwa na jibu la swali hilo.

"Mafuta," Verna alisema kupitia dirishani.

"Mmepita vituo vitatu."

"Tumeviona," Verna alisema. "Vyote."

Askari akamaliza kutafuna. Akamwambia Dorsey, kwa upole ambao Verna aliuona mbaya kuliko matusi, kwamba hakuna mtu Maryland atakayemfunga kwa sababu ya kutia mafuta. Kwamba kila msimu wa kulungu wawindaji wanapita hapa mia kwa mia, wanajaza matangi na kununua soda. Alichotaka kujua yeye ni kama wana dumu. Hawakuwa nalo. Basi lipo kituo cha mafuta, alisema, ingieni nyuma niwapeleke, ni dakika mbili.

Dorsey hakuondoa viganja kwenye paa.

"Siwezi kuiacha," alisema. "Ikiibiwa, nitalaumiwa mimi."

"Basi ichukue uje nayo."

"Ndani ya gari la polisi? La Maryland?"

Askari alimtazama Verna. Verna alikuwa ameshafungua mlango. Hakumuaga mumewe. Miaka kumi na moja Dorsey alikuwa amebeba bastola ili mkewe asije akachukuliwa na mtu asiyemjua, na sasa alisimama kando ya barabara, mikono juu ya paa, akimtazama mkewe anachukuliwa na mtu asiyemjua, kwa sababu bastola haiwezi kubaki peke yake.

Ndani ya gari kulinukia kahawa na maganda ya chungwa. Verna alieleza habari ya Kendra kwa maneno machache, na askari akaongeza mwendo bila kuambiwa. Baadaye akauliza, kama mtu anayeongea na shangazi yake, mzee anaogopa nini hasa. Amewahi kuvamiwa?

Verna alifikiri. "Mwaka juzi bata mzinga wa porini aliingia gereji."

"Akamrukia?"

"Akamrukia. Ilikuwa baridi. Bastola ilikuwa chini ya shati mbili na koti. Alipoifikia nilikuwa nimeshamtoa yule bata kwa ufagio."

Askari alicheka hadi akalazimika kufuta macho. Verna naye alicheka, kisha akageuka kutazama nje. Kituoni askari alimwombea dumu lililokuwa ofisini kwa mwenye kituo, na kijana wa kaunta, aliyekuwa akiuza tiketi za bahati nasibu, hakuuliza chochote isipokuwa kama angependa na hotidogi.

Waliporudi, Dorsey alikuwa ameketi juu ya buti. Hakuwa ameliegemea; alikuwa ameliketia kabisa, kama kuku.

*

Verna alimimina mafuta yeye mwenyewe. Dumu lilikuwa zito, likamwagikia viatu. Kisha alizunguka akaketi kwenye usukani. Dorsey aliona, akaingia upande wa abiria. Askari aliwasubiri mpaka injini ikawaka, akapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja.

Kibao cha Pennsylvania kilikuja, kikubwa na cha buluu. Chini yake pana uwanja mwingine wa kokoto, ndugu wa ule wa kwanza. Hapo ndipo Dorsey hushuka, hufungua sanduku na mkebe, hujaza risasi zake kumi, huteremsha shati, na kuwa tena Dorsey.

"Simama pale," alisema. "Nipe ufunguo."

Verna alibadilisha gia, akakanyaga mafuta.

"Verna, umepita."

"Nimepita."

"Ni dakika tano tu. Nne."

"Kule hatukusimama kwa ajili ya bastola," Verna alisema. "Na hapa hatusimami kwa ajili ya Kendra. Ufunguo uko hapa kifuani kwangu. Ukiutaka, nyoosha mkono, uninyang'anye."

Dorsey hakunyoosha mkono. Alitazama mashamba ya mahindi yakipita, mahindi ya Pennsylvania, ambako kibali chake kinatambuliwa kikamilifu.

"Sijawahi kuja huku hivi," alisema baada ya maili kadhaa.

"Hivi vipi?"

"Hivi." Alishika kiuno upande wa kulia, pale ambapo mfuko wa ngozi ulining'inia mtupu. Mkono ulikaa pale muda mrefu, halafu ukaja magotini, halafu ukapanda kwenye mkanda wa kiti. Haukupata pa kukaa mpaka walipofika.

*

Mlango wa hospitali ulikuwa na kile kibao chake, picha ya bastola na mstari mwekundu juu yake. Verna alikuwa tayari nje ya gari. Dorsey hakushuka.

"Wewe nenda," alisema, maneno yaleyale ya mara ile. "Mimi nakaa na gari."

"Lina nini la kukaliwa? Sanduku limefungwa. Shuka."

Labda ni kwa sababu alikuwa amezoea kutii amri zilizotolewa kwa utulivu, alishuka. Walipita mapokezi, Verna mbele akinuka petroli, Dorsey hatua tatu nyuma. Msichana wa mapokezi alisema chumba cha nne, akasema wamebahatika, bado hajajifungua. Wakapinda kona. Ndipo Kendra akalia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejizuia kwa muda mrefu, ikatoka chini ya mlango na kuja nao kwenye korido.

Verna alishika kitasa. Akageuka amwambie mumewe aingie taratibu, akauona mgongo wake tu. Alikuwa anaondoka, haraka, mkono wa kulia kiunoni.

"Dorsey. Unaenda wapi?"

"Sikumbuki kama tumefunga gari."

"Nimefunga mimi."

Alisimama, lakini hakugeuka. Muuguzi alipita katikati yao na kikapu cha mashuka, akatoweka. Ndani Kendra aliita mama, na Verna akaitika kwa sauti, nipo, mwanangu, nimeshafika, naingia sasa hivi. Kitasa kilikuwa kimeshashuka mkononi mwake. Mlango ulikuwa wazi upana wa kiganja.

"Mara ile nilikuja mpaka hapa," Dorsey alisema akiutazama ukuta. "Nilikufuata. Nikamsikia analia, nikarudi garini. Nikakwambia nalinda bastola." Mkono ukatoka kiunoni, ukaning'inia. "Sikuwa nalinda kitu, Verna. Naogopa tu kuingia mle na mikono mitupu."